Mtandio Juu ya Kiti

Mapumziko bado hayajaisha. Nakwambia mapema usije ukadhani umechelewa, maana humu ndani hakuna aliyewahi wala aliyechelewa. Kuna waliotoka, na kuna mimi. Saa ya ukutani inaonyesha kumi za alasiri. Ilionyesha kumi za alasiri taa zilipowashwa na watu wakainuka kwenda kununua bisi na karanga, na ilionyesha hivyo hivyo siku nilipovuta nywele za mbele hadi machoni na kukuta zimekuwa mvi. Siku hizi siitazami.

Mbele yangu, kwenye pazia jeupe la sinema, picha imesimama. Mwanamume ameinua mguu mmoja kwenye kizingiti cha nyumba, mkono mmoja ameshika mwimo wa mlango. Picha ilikatika hapo hapo. Nimemtazama mtu huyu kuliko nilivyomtazama mzazi wangu yeyote, na mpaka sasa sijui anaingia au anatoka. Mwanzoni nilishikilia kwamba anaingia, kwa sababu uso wake una haya ya mgeni. Baadaye nikaona haya hiyo ni ya mtu aliyefukuzwa, basi anatoka. Kisha yakanijia maswali mabaya zaidi: mtu aliye kizingitini yumo au hayumo? Kama hayumo, hayo macho yanayonitazama yako wapi? Na mimi ninayemtazama, niko upande gani wa mlango? Nikiwa na akili zangu timamu maswali haya hayanisumbui. Shida ni kwamba hapa hakuna kazi nyingine ya kufanya. Sasa namchukia tu. Ashushe huo mguu, jamani, mimi ndiye ninayepata ganzi.

Naitwa Somoe. Nilikuja hapa na mdogo wangu Mishi, ambaye tumefanana mno kiasi kwamba watu walikuwa wakimtuma yeye kisha wananigombeza mimi kwa kuchelewa. Taa zilipowaka Mishi alivua mtandio wake wa kijani, akautandaza juu ya kiti chake, akainama sikioni kwangu.

"Dada, nishikie kiti. Narudi sasa hivi."

Ndiyo habari yangu yote. Mengine yote yameota juu yake.

Lazima nikueleze jambo moja la kwetu, usije ukaniona mjinga. Kwetu kitambaa kikishawekwa juu ya kiti, kiti kina mtu. Hakiguswi. Tajiri hakigusi, askari hakigusi, mlevi anayepepesuka akikifikia atakizunguka na kuomba radhi. Tunaibiana kuku, tunaibiana hata waume, lakini kiti kilichoshikwa hatuibiani. Na aliyeombwa kushika haondoki mpaka mwenyewe arudi, ama apatikane mwingine wa kumkabidhi. Akiondoka tu, kile kitambaa kinarudi kuwa kitambaa, na kiti kinakuwa kitupu. Ndivyo tulivyolelewa. Nilipobaki peke yangu mara ya kwanza niliona fahari, kama mtu aliyeachiwa ufunguo wa nyumba ya wenyewe. Nilikaa wima, mkono mmoja juu ya mtandio.

Nje, mji nao ukatoka mapumziko. Sijui niseme vipi. Mtaa ninauona kwa vipande, kila Mzee Fumo anapofungua mlango kuchungulia. Mzee Fumo ndiye bawabu wetu, mwenye tochi na koti ambalo mabega yake yamekuwa makubwa kuliko ya kwake mwenyewe. Kipande cha kwanza nilichokiona kilikuwa na kinyozi, mpiga picha, muuza viatu, na mkahawa ambao watu walikuwa wanakunywa chai wamesimama kwa kukosa nafasi. Mlango ukafungwa. Ulipofunguliwa tena mkahawa ulikuwa na turubai usoni. Ukafungwa, ukafunguliwa, mpiga picha ameondoka, sura za maharusi zimebaki kwenye kioo zikibadilika rangi kuwa manjano. Wote wamehamia Mlimani, Mzee Fumo aliniambia, kwenye nyumba zenye mageti. Watu walitoka kununua bisi, wakaenda mbele kidogo, kisha mbele kidogo tena, na mji ukawafuata.

Mishi, sikiliza. Ulisema sasa hivi. Nimeipima hii sasa hivi yako kwa kila namna. Nimeimba, nimelia, nimewagombanisha panya wawili nikawapatanisha. Kuna wakati nalala nikiwa nimekaa, naamka nikiwa nimekaa, na mkono wangu uko juu ya mtandio na sijui kama ni wangu. Ni mkono mwembamba, wenye kovu la moto kwenye kidole gumba. Nani kati yetu aliungua? Nilikumbuka kwamba ni wewe. Basi kama huu ni mkono wako, aliyetoka ni nani?

Ndipo Baraza la mji likaleta tingatinga. Nilianza kulisikia kwenye kiti kabla ya masikio. Chuma chote cha safu kilitetemeka. Aliyeingia ni Bwana Mhina, mtu wa Baraza, mrefu, ana sauti ya chini na upole unaonitisha. Akasimama kwenye ujia kati ya safu na kutusomea, mimi na Mzee Fumo, amri ambayo alikuwa ameihifadhi moyoni: jumba lisilokaliwa na watu hubomolewa. Alisema kwa huruma kabisa. Alitupa muda wa kuwaambia wenzetu.

Wenzetu walishuka kutoka Mlimani mbio, na siwezi kuwasema vibaya, walilia machozi ya kweli. Waliingia wakagusa kuta. Mama mmoja mnene, Bi Mwanaisha, alisimama katikati akapiga kelele kwamba humu ndimo alimoposwa, na mposaji alimshika mkono gizani kumbe ameshika wa mama mkwe. Mwingine alisema hapa ndipo alipoiona theluji kwenye pazia, akarudi nyumbani na mafua. Walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja. Walifanya mkutano wao wakiwa wamesimama. Hata mmoja hakukaa, labda kwa haraka, labda kwa sababu viti vilikuwa na vumbi na wao walikuwa wamevaa vizuri.

"Baraza linataka watu kwenye viti," Bi Mwanaisha alisema. "Basi tuweke watu." Akafungua mkoba, akatoa leso, akaitandaza kwenye kiti kilicho nyuma yangu. "Hiki changu. Dada Somoe, si upo? Niangalizie."

Walishangilia, na kwa kweli wazo lilikuwa zuri kwa mtu aliye karibu na mlango. Kila mtu akavua alichokuwa nacho. Leso, kofia, shali, tai, taulo la gari, kandambili moja. Waliorudi Mlimani walituma vitambaa vya jamaa zao, vya watoto walioko ng'ambo, vya wajukuu ambao hawajazaliwa. Mpaka ghorofa ya juu ilijaa. Na kila aliyetandaza alipita kwangu akaniinamia sikioni: niangalizie, dada, na mimi, dada, narudi sasa hivi. Nilikuwa namshikia mmoja. Walipotoka nikawa nimeushika mji mzima.

Bwana Mhina alirudi akatazama. Alitembea safu kwa safu, mikono nyuma, bila kugusa kitu, maana naye ni mtoto wa hapa hapa.

"Imejaa," akasema.

"Imejaa," Mzee Fumo akaitikia kwa furaha.

Tingatinga likasogezwa mpaka pembeni mwa mtaa. Injini haikuzimwa. Na mimi nikaelewa, huku wao wakipeana mikono, kwamba siku nitakayoinuka hapa vitambaa vyote vitakuwa vitambaa, viti vyote vitakuwa vitupu, na lile dude litakuja. Niliita, "Jamani, na mimi?" Hawakusikia. Walikuwa wanapigana picha.

Habari kwamba jumba limeokolewa ilisambaa, na kuna waliorudi mjini kwa ajili hiyo. Kinyozi alitundika kioo chake upya ng'ambo ya barabara; kila mlango ukifunguliwa namwona amekaa kwenye kiti cha wateja akijinyoa mwenyewe. Na Bi Kidawa, muuza viazi vya karai, aliwasha jiko kwenye ngazi zetu. Harufu ya viazi ilipoingia humu ndani nililia kama mtoto. Alikaa nje akingoja mapumziko, watu watoke na njaa. Alingoja sana. Mwisho akausukuma mlango mwenyewe, aproni ina mafuta, kijiko cha matundu mkononi.

"Mzee Fumo, mimi nimesikia mmeliokoa jumba."

"Tumeliokoa, mama."

"Nikasema alhamdulillahi, mtaa utapata watu. Nimeacha pahala pangu kule Mlimani, nimebeba karai kichwani. Sasa hao watu wako wapi?"

"Wamo ndani. Pamejaa."

Bi Kidawa akanyoosha shingo, akatazama safu kwa safu. "Mbona siwasikii?"

"Wameshikiwa."

"Watu walioshikiwa hawali viazi, Mzee Fumo."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Nipe mimi nafasi basi, nikae, nitazame. Angalau mmoja awe wa kweli."

Mzee Fumo alipitisha mwanga wa tochi juu ya viti, polepole, akitafuta kwa moyo wake wote. Leso, shali, kofia, leso. "Pamejaa, mama," akasema. Bi Kidawa alinitazama mimi. Alirudi kwenye karai lake, na mimi nilibaki na uso wake mbele yangu zaidi kuliko wa yule wa kwenye pazia.

Je, kiti kilichoshikwa kina mtu au hakina? Nilidhani nimelielewa swali hili utotoni. Kina mtu, kwa sababu mwenyewe yuko njiani. Lakini njia inarefuka, na mwenyewe anasahau kwamba yuko njiani, anapika, anazeeka, anatandika kitanda chake kwingine. Hapo aliye kwenye kiti ni nani? Ni neno lake tu. Na neno haliketi, haliguni, halicheki likiona mtu ameteleza, halitoki na njaa. Nimezungukwa na maneno ya watu, nimeyabeba yote, na yananikaba.

Leo, kama humu ndani kuna leo, Bwana Mhina amekuja tena. Safari hii amekuja na fundi aliyebeba mnyororo begani na kufuli kubwa mkononi, na nyuma yao watu wa Mlimani, wamevaa vya sikukuu. Wamejipanga kwenye ujia wakiwa wamesimama. Bi Mwanaisha yumo mbele. Bi Kidawa naye amesogea mpaka mlangoni.

"Bibi Somoe," Bwana Mhina ameniambia, "nimekuletea habari njema. Jumba halibomolewi kamwe."

Vigelegele vimepanda mpaka darini, vumbi likashuka. Mzee Fumo ameshika kofia yake kifuani. Nami moyo wangu uliruka, nakiri, nilidhani nimefunguliwa.

"Litahifadhiwa kama lilivyo," ameendelea. "Kila kitu mahali pake, kisiguswe. Kwa hiyo leo tunafunga milango, asije mtu akaingia akavuruga."

"Itafunguliwa lini?" nimemuuliza.

"Wenye viti watakaporudi."

"Wenye viti si hao umekuja nao?"

Amewageukia, akawatazama kama mtu anayetazama wageni wa harusi. "Hawa wamekuja kwenye sherehe, Bibi. Ninasema warudi wote, kwa pamoja. Hata mmoja akikosekana, jumba halitakuwa limerudi lilivyokuwa." Na macho yake yameteremka taratibu mpaka kwenye mtandio wa kijani.

"Na mimi?" nimemuuliza.

"Wewe tumekuhesabu pamoja na viti."

Amesema kwa upole ule ule. Fundi ameanza kupitisha mnyororo kwenye vishikio vya mlango, na mlio wake nimeusikia kwenye meno. Nikitoka sasa, viti vinakuwa vitupu na tingatinga linakuja. Nikikaa, kufuli, mpaka arudi Mishi. Na hao wote waliosimama hapo, wenye leso zao na shali zao, hawaoni kitu. Wananitabasamia, wananishukuru, Bi Mwanaisha amenirushia busu. Niliwachukia. Kisha nikawahurumia, maana nao wamebeba vitambaa vyao kwa mapenzi, na katika mji wetu hakuna aliyefundishwa kufanya kingine na mapenzi ila kuyatandaza juu ya kiti na kuondoka.

Nimeutazama mkono wangu juu ya mtandio. Vitambaa vya watu siwezi kuvigusa. Lakini hiki nimekabidhiwa mimi.

Mishi hatarudi.

Nimelisema kwa sauti, nadhani, kwa sababu Mzee Fumo amegeuka. Mishi hatarudi. Alitoka kununua bisi na ulimwengu ukamchukua, kwa baya au kwa zuri, na sijui, na sitajua, na inaniuma, inaniuma leo kuliko siku zote. Nilikuwa namshikia kiti ili niseme yupo.

"Bi Kidawa," nimeita. "Njoo hapa."

"Nije wapi? Si pamejaa?"

"Njoo, mwenzangu."

Amepita kati ya nguo za sikukuu na aproni yake ya mafuta, watu wakimpisha. Nikashika pindo la mtandio. Ulikuwa umegandana na kiti. Ulitoka polepole, kama bandeji. Chini yake kitambaa cha kiti kilikuwa bado chekundu, chekundu kabisa, rangi ambayo jumba zima lilikuwa nayo tulipoingia mimi na yeye tukishikana mikono. Mtu fulani nyuma alisema, "Astaghfirullah."

"Kaa," nikamwambia Bi Kidawa.

Akakaa. Kiti kikalia. Akajisogeza, akaweka kijiko chake cha matundu magotini, akashusha pumzi ya mtu aliyesimama maisha yake yote. Nikajifunga mtandio wa Mishi kichwani. Mbingu haikuanguka.

Wa kwanza kumfuata alikuwa fundi. Aliweka mnyororo chini, akauliza kama kuna ubaya na yeye akipumzisha miguu kidogo, na hakungoja jibu. Alikuwa ameitoa ile kandambili na kukaa.

"Makubwa haya!" Bi Mwanaisha amesema. Amemtazama Bi Kidawa, ameitazama leso yake mwenyewe nyuma yangu, na uso wake umebadilika pole pole. "Sasa mimi nimesimama nasubiri nini, na kiti changu hiki hapa?" Ameinyakua leso, akakaa kwa kishindo. Kisha wengine. Wametoa vyao, kisha vya jamaa zao wa ng'ambo, wamegombana nani yuko wapi, vumbi limepanda wakapiga chafya wote. Mtu ametoka nje kumwita kinyozi. Kinyozi ameingia na povu shavuni.

"Jamani, mnavuruga," Bwana Mhina alikuwa akisema. "Mnavuruga kila kitu."

"Bwana," Mzee Fumo amemuuliza kwa adabu, "jumba lisilokaliwa na watu hubomolewa. Linalokaliwa hufanywa nini?"

"Hilo hatujaliwekea utaratibu," Bwana Mhina akasema. Alibaki katikati ya ujia, kufuli mikononi, mtu pekee aliyesimama, mpaka walio nyuma yake wakaanza kumpigia kelele kwamba anawakinga. Alikaa pembeni kabisa, kufuli juu ya mapaja.

Mzee Fumo ameinua tochi yake kuelekea tundu la chumba cha mashine. "Tayari!"

Taa zimezimika. Mashine imekohoa, imeguna, na yule mtu kizingitini, adui yangu, amesogea. Nilishika mkono wa Bi Kidawa kwa nguvu. Mguu wa yule mtu ulipanda juu zaidi. Mkono wake uliobaki ukashuka, ukaukamata mguu, ukavua kiatu. Akavua na cha pili. Alikuwa anavua viatu tu. Jumba zima limeangua kicheko, na kicheko hicho kilinipiga kifuani, nami nikacheka mpaka nikashindwa kuona.

Mlango umefunguliwa nyuma na kufungwa. Mtu aliyechelewa. Nilimsikia akija gizani kwa kupapasa migongo ya viti, safu hadi safu, akiomba radhi kwa kunong'ona. Amesimama kwenye ncha ya safu yetu. Kulikuwa na harufu ya bisi, mbichi, ya sasa hivi.

"Dada," sauti imesema juu ya bega langu, "hapa pana mtu?"

Sauti hiyo ninaijua. Ama ni sauti yangu mwenyewe. Alikuwa anaulizia kiti cha Bi Kidawa, na Bi Kidawa alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi, amesahau viazi, amesahau dunia.

"Pana mtu," nimejibu.

Sikugeuka. Nilitaka kumtazama usoni kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nilijua kwamba nikimtazama nitakaa tena. Nikaweka mikono kwenye vishikio vya kiti, nikajisukuma. Nikasimama. Nikampisha. Alipopita, kiganja chake cha joto kilinigusa mkono, na nikasikia chuma cha kiti changu kikishuka kwa uzito wake.

Nilitembea kwenye ujia nikishika migongo ya watu badala ya viti. Mlangoni Mzee Fumo alinifungulia, na mwanga wa mtaa ukaniumiza macho. Jiko la Bi Kidawa lilikuwa linawaka peke yake kwenye ngazi, mafuta yanachemka.

"Unarudi, Somoe?"

"Sijui."

Aliinyooshea tochi yake safu yetu. "Nikuwekee kitambaa kwenye kiti chako?"

"Hapana, Mzee Fumo," nikamwambia. "Kina mtu."